Hakuna jahazi kwenye mita 2,444: kisa cha kitabu cha mwongozo wa Pirenei kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza

## Usuli

Miaka michache iliyopita mchapishaji mmoja mdogo wa kusini mwa Ufaransa alituletea kazi iliyoonekana nyepesi. Alikuwa na kitabu cha mwongozo chenye matembezi 38 ya siku moja katika Pirenei ya kati, ile safu ya milima iliyo kati ya Ufaransa na Hispania, kilichoandikwa kwa Kifaransa na mzee aliyetumia maisha yake kuongoza watu milimani, na sasa alitaka kitoke kwa Kiingereza. Walengwa walikuwa Waingereza na Waholanzi, kwa kuwa Mholanzi asiyejua Kifaransa mara nyingi Kiingereza hakimpigi chenga. Katika maelezo haya nimebadilisha namba za njia, nimeficha mabonde yaliyohusika, na watu nimewataja kwa kazi zao tu. Panapotokea jina la mlima au la upenyo, yaani mahali pa kuvukia mgongo wa mlima, limetajwa kama mfano wa neno. Tukio lenyewe halikutokea hapo.

Tulikuwa watatu. Mfasiri alikuwa Mwingereza wa kuzaliwa, mwenye mkono mzuri sana wa matangazo ya hoteli na vipeperushi vya utalii. Milima aliijua kwa likizo za utotoni kule Uskoti, basi. Mimi nilikuwa mpitiaji wa tafsiri: mzaliwa wa Bukavu, Kiswahili cha nyumbani, Kifaransa cha shule, Kiingereza nilikikamilishia Nairobi. Wa tatu ni mwandishi mwenyewe, aliyekubali kujibu maswali, ila kwa simu tu, na jioni tu, akishatoka bustanini kwake.

Muda ulikuwa wiki saba. Fedha ya kwenda kuziona njia zenyewe haikuwapo. Tulitumia programu ya kumbukumbu ya tafsiri, ile ambayo ukishaikubali sentensi mara moja, kila inapojirudia programu inaijaza yenyewe. Vitabu vya mwongozo vimejaa marudio: vuka kijito, fuata alama nyeupe na nyekundu za GR, yaani njia ndefu za matembezi za Ufaransa, panda kwa kona hadi kwenye upenyo. Tuliona hiyo ni neema.

## Wiki ya kwanza: neno kwa neno

Tulianza na orodha ya istilahi yenye safu mbili, Kifaransa kushoto na Kiingereza kulia. Maneno kama sitini hivi. Tuliimaliza kwa siku tatu tukajiona mabingwa.

Neno lililotuchekesha lilikuwa *port*. Mfasiri, kwa udadisi tu, alikuwa amepitisha sura moja kwenye mashine ya kutafsiri, nayo ikamwambia msomaji kwamba atafika *harbour*, bandari, kwenye mita 2,444 juu ya usawa wa bahari. Hiyo ni Port de Vénasque, juu ya Luchon, mpakani na Hispania, na hakuna jahazi lililowahi kutia nanga pale. Katika Pirenei *port* ni mahali unapovukia mgongo wa mlima kuingia bonde la pili. Neno limetoka Kilatini, ukoo mmoja na *porta*, mlango. Mji wa Saint-Jean-Pied-de-Port, ulioko bara kabisa, jina lake ni Mtakatifu Yohane wa chini ya mlango wa mlima. Kwa anayesema mlango wa bahari tangu utotoni, hapo hakuna cha kushangaza: mahali pembamba pa kupitia panaitwa mlango, iwe majini au mawinguni. Tukaandika *pass*, tukacheka, tukaendelea.

Kicheko kile kilituponza. Kilitufanya tuamini kwamba kosa katika maneno ya milima lina sura ya kuchekesha, kwamba likija litabisha hodi. Kwa hiyo nguvu zote tukazielekeza kwenye maneno mageni. Tulichimba *hourquette*, ambalo kwa Kigascon, lugha ya kusini magharibi mwa Ufaransa, ni uma mdogo, na mlimani ni upenyo mwembamba kati ya vilele viwili, kama Hourquette d'Ossoue yenye mita 2,734 chini ya Vignemale. Tulichimba *oule*, yaani chungu, kwa bonde la duara lililozungukwa na kuta za mwamba. *Gave*, mto wa mlimani wenye kasi. *Soum*, kilele cha mviringo. Kila moja tulimuuliza mwandishi na kulilinganisha na ramani za 1:25,000 za IGN, taasisi ya ramani ya taifa la Ufaransa. Karibu yote tuliyapatia.

Tuliyoyapita mbio ni yale ambayo Kiingereza chenyewe kimeyaazima kutoka Kifaransa, au yenye mwenzake dhahiri. *Névé* tukaandika *névé*. *Couloir* ikabaki *couloir*. *Piste* ikabaki *piste*. *Rive gauche* tukaandika *left bank*, ambayo kamusi yoyote itakuambia ni sahihi, na kweli ni sahihi. *Éboulis* na *pierrier* vyote viwili tukavitumbukiza ndani ya *scree*, mteremko wa mawe yaliyomeguka, kwa kuwa safu ilitaka neno moja na siku zilikuwa zinakwenda.

## Jaribio la mwisho wa Juni

Mchapishaji, kwa busara ambayo sisi hatukuwa nayo, alichukua rasimu ya njia tatu akawapa mume na mke wanaozungumza Kiingereza, waliohamia eneo lile, waende wakazitembee. Watu wa makamo, buti nzuri, hawana haraka. Njia ya kwanza haikuwa na neno.

Njia ya pili ilikuwa na sentensi hii ya mwandishi: *Laisser à droite le sentier du refuge et remonter le vallon rive gauche.* Mfaransa mzoefu wa milima anaisoma bila kusimama. Njia ya kwenda kwenye nyumba ya kulala wageni ya mlimani inachepuka kulia. Achana nayo, panda na bonde ukiwa ukingo wa kushoto wa kijito. Sisi tulikuwa tumeandika: *Leave the refuge path on the right and go up the valley on the left bank.*

Isome tena taratibu. *Leave the path on the right* kwa Kiingereza ina sura mbili: iache njia hiyo ibaki kuliani kwako, au toka kwenye njia uliyomo kwa kukata kulia. Wale wawili walikuwa wameegesha gari mbele ya kibao kinachoelekeza kwenye refuge, kwa hiyo kwa hesabu yao walikuwa tayari wako kwenye njia ya refuge, na kitabu kinawaambia waitoke kwa kulia. Pale njia panda kibao kilikuwa kimelala chini, kimeangushwa na theluji ya majira ya baridi. Wakakata kulia. Walipanda karibu saa nzima kabla ya kuona paa la nyumba ambayo hawakupaswa kuiona.

Wakarudi hadi panda. Sasa ikaja zamu ya ukingo. Kanuni ni kwamba ukingo wa kushoto ni ule ulio kushoto kwako ukitazama maji yanakokwenda. Anayepanda bonde anatazama maji yanakotoka, kwa hiyo ukingo huo uko mkono wake wa kulia. Wao hawakuijua kanuni hiyo na sioni kwa nini waijue. Wakavuka kijito kwenda mkono wa kushoto, kwa kurukia mawe, wakati theluji ya juu inayeyuka na maji yamefura. Mmoja aliteleza akalowa hadi mapajani. Ng'ambo kulikuwa na kijinjia cha kondoo kilichowachukua vizuri tu hadi chini ya maporomoko, mbele ya ukuta wa mwamba, kikaishia hapo. Walifika garini saa kumi jioni, ziwa walilolifuata hawakuliona.

Njia ya tatu haikuwa na ucheshi. Mwandishi alikuwa ameonya kwamba chini ya upenyo hubaki *névés* hadi katikati ya Julai. Sisi tukaandika kwamba *névé* inaweza kudumu hadi katikati ya Julai. Mama yule, mtu makini, alilitafuta neno usiku kwenye simu. Kamusi ya Kiingereza ikamweleza kwamba ni theluji ya chembechembe inayokaa sehemu ya juu ya barafuto, yaani mto wa barafu wa mlimani, kabla haijashindiliwa ikawa barafu kamili. Akafungua ramani. Kwenye njia yao hakuna barafuto hata moja. Akahitimisha, kwa mantiki isiyo na kasoro, kwamba onyo lile haliwahusu. Meno ya chuma ya kufunga chini ya buti yakabaki nyumbani.

Kwa Kifaransa cha watembeaji *névé* ni kitu cha kawaida kabisa: kiraka cha theluji iliyosazwa na majira ya baridi, kwenye kivuli au korongoni, hata kama barafuto ya karibu iko mabonde matatu mbali. Mchana hulainika, usiku huganda tena, na asubuhi hukikuta kigumu na chenye utelezi juu kama kigae cha bafuni. Wao walikikuta saa mbili na nusu asubuhi. Kilikuwa na upana wa kama mita thelathini, kimelala mshazari, na chini yake mawe. Baba alipiga hatua tatu. Ya tatu ilimteleza, akakaa kwa makalio na kuing'ang'ania fimbo yake, kisha akatambaa kurudi alikotoka. Hakuumia. Wakageuza.

Ripoti yao ilikuwa kurasa mbili za ule upole wa Kiingereza ambao ukiuzoea unajua unauma kuliko matusi. Walikuwa wanajiuliza tu kama huenda maneno machache yangefaa kutazamwa tena.

## Tulivyoamua, na kwa nini

Mchapishaji alisimamisha uchapaji siku ileile. Kilichobaki kilikuwa ugomvi wetu wa ndani.

Mfasiri alitaka tusahihishe sentensi zilizolalamikiwa na tuendelee. Hoja yake ilikuwa na uzito: muda umekwisha, na katika njia 38 zimejaribiwa tatu. Mimi nilitaka orodha yote itupwe. Hoja yangu ilikuwa kwamba sentensi zile, ukimpelekea mtahini, zinapata maksi zote. Kwa hiyo tukisoma upya kwa jicho lilelile hatutaona kitu. Tulivutana siku mbili. Mwishowe tukakubaliana tufanye jambo moja dogo: tutafute *névé* kwenye kitabu kizima. Programu ilikuwa imelipanda karibu kila njia inayovuka mita 2,200, kwa sentensi ileile, mpaka mkato. Ubishi ukaisha.

Orodha mpya ilikuwa na safu nne. Neno la Kifaransa. Mguu unakanyaga nini. Mtembeaji afanye nini, au ajihadhari na nini. Halafu Kiingereza. Sharti lilikuwa moja: safu ya nne haijazwi mpaka ya pili na ya tatu zijae. Kazi hiyo ilikula wiki mbili, na sehemu kubwa ilikuwa simu.

Jioni moja nilimpigia mwandishi nikiwa na orodha ya kila mahali alipoandika *pierrier* au *éboulis*.

"Njia ya tisa, mzee, pale juu ya ziwa. Mawe yake yana ukubwa gani?"

"Mawe tu."

"Kama ngumi? Kama kichwa?"

Kimya. Nikasikia kiti kinasogezwa. "Kama friji," akasema. "Unapita juu yake kwa mikono. Hayaendi popote yale, yapo pale tangu enzi za babu yangu."

"Na njia ya kumi na nne?"

"Ah, ile ni habari nyingine. Ile unapiga hatua moja mbele, nusu yake inarudi nawe chini."

Pote pawili alikuwa ameandika *pierrier*. Pa kwanza pakawa *boulder field*, na tukaongeza kwamba utahitaji mikono na kwamba mawe yakiwa na unyevu ni heri kuahirisha. Pa pili pakawa *loose scree*, na shauri la kuachiana nafasi ili wa mbele asimporomoshee mwenzake mawe. Tulifanya hivyo kwa kila tukio, moja baada ya jingine, kwa sababu hapakuwa na kanuni ya kamusi ya kutuokoa. Kwa nadharia *éboulis* ni mawe yaliyoporomoka kutoka kwenye jabali lililo juu na *pierrier* ni eneo lolote lililojaa mawe; kwa vitendo watu huyachanganya, na kule Alpi za kusini mteremko wa namna hiyohiyo utasikia unaitwa *casse*. Mzee naye, baada ya simu ya tatu, alianza kuifurahia kazi. Alikuwa ananipigia yeye. "Nimekumbuka lile korongo la njia ya ishirini. Andika kama vitabu vilivyomwagwa sakafuni."

*Névé* ikageuka kuwa maneno manane ya Kiingereza: *patches of old snow, hard in the morning*, viraka vya theluji ya zamani, vigumu asubuhi. Mchapishaji alinung'unika kuhusu idadi ya kurasa. Tukamkumbusha yule baba na fimbo yake.

*Couloir* ni neno ambalo kwa Kiingereza limebeba harufu ya barafu na kamba. Wapandaji wa Mlima Kenya wanalifahamu kutoka Diamond Couloir, na hiyo ni njia iliyojulikana kwa kupandwa kwa shoka za barafu. Mwandishi wetu alikuwa anazungumzia korongo kavu lenye nyasi ambalo mbuzi hulipanda bila kufikiri. Tukaandika *gully*. *Piste* kwa Mwingereza ni mteremko wa mchezo wa kuteleza kwenye theluji. Kwa mwandishi ilikuwa barabara ya vumbi anayopitia mchungaji na pikapu yake. *Cabane* ilikuwa imekuwa *cabin*, neno lenye kitanda na bei ya usiku ndani yake, kumbe ni kibanda cha mchungaji ambacho huenda kimefungwa kwa kufuli. *Aérien* tulikuwa tumeandika *airy*. Mpanda milima wa Kiingereza anaelewa: genge liko chini ya soli. Mholanzi angeelewa kwamba kuna hewa nzuri. Tukaandika kwamba njia ni nyembamba na kushoto kuna shimo refu.

Ukingo wa kijito ulituchosha kuliko vyote. Waingereza wa milimani, na watu wa New Zealand pia, wana usemi *true left*, kushoto kwa kweli, yaani kushoto kwa mtazama maji yanakokwenda. Mfasiri aliupenda. Mimi niliwafikiria Waholanzi. Tukachagua kusema kwa mwili wa mtembeaji: *with the stream on your left*. Mwandishi akatutibua tena: njia nyingi ni za mzunguko, na watu hupenda kuzizungukia kinyume ili wapate kivuli asubuhi. Mwishowe tukaongeza dira. Upande wa Ufaransa mabonde makubwa ya Pirenei huteremkia kaskazini, kwa hiyo *rive gauche* mara nyingi ni ukingo wa magharibi, na magharibi haibadiliki hata ukitembea kinyumenyume. Kijito kinapojipinda tulitaja upya. Nakiri kuna aya mbili tatu ambazo kwa sababu hiyo zinasomeka kama hati ya shamba.

*Laisser* tuliipigia marufuku tafsiri yake ya shuleni. Kitenzi *leave* kilibaki kwa kuondoka tu. Njia isiyofuatwa ikawa *ignore*.

Majina hatukuyagusa. Mtu aliye kwenye ukungu analinganisha herufi za kitabu na herufi za kibao. Ukimgeuzia Port de Vénasque iwe kwa Kiingereza umemnyang'anya kibao chake. Mara ya kwanza jina linapotokea tulieleza kwamba *port*, *hourquette* na *col* vyote ni mahali pa kuvukia. Baada ya hapo jina lilijitembelea lenyewe, bila kubandikwa *pass* mgongoni.

## Matokeo

Kitabu kilitoka baada ya msimu wa kiangazi kuisha, kwa hiyo mauzo ya mwaka ule yalipotea. Kilikuwa na kurasa kumi na mbili zaidi ya cha Kifaransa.

Wale wenzi walirudia njia mbili zilizowashinda, mwezi wa Septemba. Ziwa waliliona. Kwenye njia ya tatu walipita wakafika upenyoni bila shida, na mchapishaji hulitaja hilo kila akieleza jinsi tafsiri mpya ilivyofaulu. Mimi silihesabu. Septemba hapakuwa na theluji, na sentensi yetu mpya kuhusu theluji haikujaribiwa na mtu.

Malipo yalikuwa kwa neno la Kifaransa, kama ilivyo kawaida. Kumuuliza mzee ukubwa wa mawe hakuna neno hata moja ndani yake. Wiki zile mbili za simu mimi na mfasiri tulizifanya kwa nusu ya ujira, na tulikubali kwa sababu ya aibu.

## Uchambuzi

Kilichotuumiza ni kufanana. Neno geni humsimamisha mfasiri. Anaona hajui, anauliza. Neno linalofanana halimsimamishi, linampungia mkono apite. Mtanzania anayesikia Mkenya akisema "bibi yangu amejifungua jana" hatafungua kamusi, kwa kuwa bibi analijua tangu hajaota meno. Atashangaa tu jinsi yule mwanamke alivyozaa uzeeni, wakati mwenzake anamzungumzia mke wake. *Névé* ilikuwa bibi wetu. Ilipita mikononi mwa mfasiri, mikononi mwangu, ikaonwa na mchapishaji, na hakuna aliyelitilia shaka neno lililoandikwa vilevile katika lugha zote mbili.

Programu ya kumbukumbu haikuzua kosa lolote, ila ililisambaza kila mahali na kulifanya lionekane kama msimamo. Msomaji akiona onyo lilelile kwa maneno yaleyale kwenye kila njia, halisomi tena. Linakuwa kama tangazo la mkanda kwenye ndege. Leo, nikipata kitabu cha namna hii, sentensi za hatari huziondoa kwenye kumbukumbu kabisa. Kila moja inaandikwa kwa mkono, kwa ajili ya mahali pake. Mfasiri yuleyule anaona nimezidi.

Mwandishi tulimwita kuchelewa, na tulipomwita mwanzoni tulimuuliza maswali mabaya. "Neno hili maana yake nini?" ni swali ambalo mtu wa milima hawezi kulijibu vizuri, kwa kuwa kwake neno na mahali ni kitu kimoja. "Mawe yana ukubwa gani?" alilijibu mara moja. Safu ya pili ya jedwali, ile ya mguu, ndiyo iliyofanya kazi yote. Nyingine zilikuwa za kuandikia tu.

Jaribio la kutembea tulilichukulia kama hisani ya mchapishaji wakati lilipaswa kuwa la wiki ya pili, na hata njia moja ingetosha. Juni pia ndiyo ilikuwa bahati yetu. Wangetembea Agosti, theluji ingekuwa imeshayeyuka na kitabu kingechapwa na *névé* zake zote ndani.

Halafu kuna kosa langu mwenyewe, ambalo linapingana kidogo na kila nilichoeleza hapo juu. Mwandishi alitumia sana *mauvais pas*, hatua mbaya: mahali pafupi pagumu ambapo inabidi kushika mwamba na kuangalia unapoweka mguu. Mfasiri aliandika *bad step*, neno kwa neno. Kwa ari yangu mpya ya kuwinda vinavyofanana, nilifuta pote nikaweka *awkward section*, sehemu yenye usumbufu. Akanipigia simu amekasirika, mara ya kwanza katika kazi nzima. Kule kisiwa cha Skye, akasema, kwenye njia ya pwani ya kwenda Loch Coruisk, kuna jiwe kubwa la mteremko juu ya maji linaloitwa The Bad Step, na Waingereza wa milimani wanalijua. Yeye alililia pale akiwa na miaka tisa, baba yake yuko mbele anamwonyesha ufa wa kuweka kiatu. Ukimwandikia Mwingereza *bad step* anaona ufa ule. Ukimwandikia *awkward section* anaona fomu ya kodi.

Alikuwa na haki. Tulilirudisha, na kwa ajili ya Waholanzi tukaongeza maneno manne kuhusu mikono. Tulilirudisha kila mahali isipokuwa kwenye njia ya 31, ambako programu ilikuwa imeshaijaza tafsiri yangu yenyewe, sikuiona, na ndivyo ilivyochapishwa.